Programu huria serikalini: gharama huhama, haifutiki

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa bure masahihisho ya usalama ya Windows 10. Chukua taasisi ya umma yenye kompyuta 500 zilizonunuliwa miaka minane au tisa iliyopita. Nyingi kati ya hizo hazikidhi masharti ya Windows 11, ama kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0, ama kwa sababu prosesa zake hazimo kwenye orodha inayokubaliwa. Taasisi ikitaka kubaki na Windows 10 na bado ilindwe, bei kwa mashirika ilikuwa imeshatangazwa mapema: dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, 122 mwaka wa pili, 244 mwaka wa tatu. Kwa kompyuta 500 hizo ni dola 213,500 katika miaka mitatu, na muda ukiisha kompyuta ni zilezile.

Hesabu ya namna hii ikisomwa kikaoni, hakosekani mtu wa kuuliza: kwa nini tusihamie Linux, mfumo endeshi mbadala, si wa bure? Swali ni la haki kabisa. Shida iko kwenye hilo neno la mwisho. Fedha zinazookolewa kwenye leseni huhama. Zinatoka kwenye kasma ya ununuzi, na muda si mrefu zinatakiwa kwenye kasma ya watu: wa kuufunga mfumo, kuufundisha, kuulinda, na kupokea simu siku umegoma. Taasisi isiyo tayari kuzihamisha fedha hizo itapata programu, ila programu hiyo haitakuwa na mwenyewe.

Programu yoyote huanza kama maandishi, yaani msimbo. Kampuni nyingi huuza programu ikiwa imeshageuzwa kuwa lugha ya mashine, na msimbo wenyewe hubaki siri yao. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake hutolewa pamoja na leseni inayomruhusu yeyote kuitumia kwa shughuli yoyote, kuuchunguza msimbo, kuubadili, na kuwagawia wengine kama ulivyo au baada ya kuubadili. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo endeshi huria, kwa misingi hiyo mwaka 1983, Linus Torvalds akatoa kiini cha Linux mwaka 1991, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya zenye nguvu kuliko nyingine duniani zinaendeshwa na Linux. Simu ya Android aliyonayo mkurugenzi mfukoni ina kiini hichohicho. Kwa hiyo kuuliza kama serikali ianze kutumia programu huria ni kuchelewa. Inaitumia. Kinachobaki ni kama inaitumia kwa kujua.

Kuna mambo matatu ambayo vikaoni huchanganywa na uhuria, na yafaa kuyatenganisha mapema. La kwanza ni bei. WhatsApp haitozwi senti, na tukubali kwamba shughuli nyingi za ofisi siku hizi zinaendeshwa kwenye magrupu yake, lakini hakuna ofisi yenye haki ya kuuona msimbo wake wala kuubadili. La pili ni mahali programu ilipotengenezwa. Mfumo ulioandikwa na vijana wetu wenyewe ndani ya wizara ni jambo la kujivunia, ila kama msimbo wake uko kwenye kompyuta za watu wawili na hauna leseni yoyote, mfumo huo umefungwa kama wa kampuni ya nje, pengine zaidi, maana kampuni walau ina dawati la huduma.

La tatu ndilo linalowatisha wakubwa: kwamba msimbo ukiwa wazi, taarifa za wananchi nazo zitakuwa wazi. Hapana. Msimbo hueleza jinsi jina la mgonjwa linavyohifadhiwa na nani anaruhusiwa kulisoma. Jina lenyewe limo kwenye kanzidata ya hospitali, nyuma ya nywila na usimbaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 au ile ya Kenya ya 2019 inalilinda vilevile, programu iwe huria au isiwe. Leseni zenyewe hazimlazimishi mtu kuchapisha kila anachokifanya. Hata leseni kali ya GPL hukudai kutoa msimbo pale tu unapompa mtu mwingine programu hiyo. Taasisi ikiibadili kwa matumizi yake ya ndani, inaweza kukaa kimya.

Munich, kwenda na kurudi

Munich hutajwa na kila upande kwa faida yake. Wapenzi wa Linux husema mradi uliuawa na siasa. Wapinzani husema ulijifia wenyewe. Ukiufuatilia hatua kwa hatua unafundisha zaidi ya hayo.

Mwaka 2003 jiji hilo la Ujerumani lilikuwa na kompyuta zipatazo 14,000 zinazotumia Windows NT 4, toleo ambalo Microsoft ilikuwa inaliacha mkono. Hali ileile ya Oktoba 2025, kwa maneno mengine. Machi mwaka huo Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wa wakati huo, alikwenda mwenyewe kuonana na meya Christian Ude, na kampuni ikashusha bei. Mei baraza la jiji likapiga kura ya kuhama hata hivyo, na Juni 2004 likaidhinisha mpango kamili. Mradi ukaitwa LiMux. Uhamishaji ulianza mwaka 2006, na mwishoni mwa 2013 jiji lilitangaza kuwa kazi imekwisha: zaidi ya kompyuta 14,800 kati ya takriban 15,500 zilikuwa zimehamia Linux.

Miaka kumi! Ilikwenda wapi? Sehemu ndogo ilikwenda kwenye Linux yenyewe. Jiji lilikuta halina idara moja ya TEHAMA, lina zaidi ya ishirini, kila moja na mafundi wake, seva zake na mazoea yake. Kulikuwa na maelfu ya violezo vya barua na makro, yaani amri za kujiendesha, zilizoandikwa ndani ya Word kwa miaka mingi. Kila kimoja kilibidi kifunguliwe, iulizwe kama bado kinatumika, kisha kiandikwe upya au kitupwe. Ili kuimaliza fujo hiyo jiji liliandika programu yake ya kusimamia violezo, WollMux, na mwaka 2008 likaitoa kwa umma. Kazi hiyo ya kusafisha ilihitajika hata kama wangebaki na Windows. Ila wangebaki na Windows wasingeifanya.

Mwaka 2012 jiji lilisema limeokoa zaidi ya euro milioni 10 likilinganisha na gharama za kubaki kwenye Windows. Utafiti ulioagizwa na Microsoft ukatoa hesabu ya kinyume. Mimi siioni faida ya kugombania tarakimu hizo, kwa sababu kila upande ulichagua nini cha kuhesabu. Kilichofuata ndicho cha kutazama. Mwaka 2014 akaingia meya mpya, Dieter Reiter, na malalamiko ya watumishi yakapata msikilizaji. Mengine yalikuwa ya kweli: hati za Word kutoka ofisi nyingine zilifunguka zikiwa zimevurugika, na baadhi ya programu maalumu za idara zilitengenezwa kwa ajili ya Windows tu. Mengine, kama vile barua pepe na kalenda kwenye simu, hayakuhusiana na mfumo endeshi wa mezani hata kidogo. Lakini mtumishi hana sababu ya kujua mpaka uko wapi. Anachojua ni kwamba ofisi ilihamia Linux na yeye haoni miadi yake. Ukibadilisha kitu kinachoonekana, kila hitilafu isiyoonekana hubandikwa juu yake.

Februari 2017 baraza lilipiga kura ya kurudi Windows, na Novemba mwaka huo likaidhinisha bajeti ya karibu euro milioni 50 kwa kazi hiyo. Microsoft ilikuwa imehamishia makao yake makuu ya Ujerumani ndani ya jiji mwaka 2016, jambo lililozua maneno mengi. Kisha uchaguzi mwingine ukapita, na Mei 2020 vyama vilivyoungana kuliongoza jiji vikakubaliana kwamba programu huria ipewe kipaumbele tena kila inapowezekana.

Ufaransa walikwenda taratibu zaidi. Gendarmerie, jeshi la polisi lenye makumi ya maelfu ya kompyuta, mwaka 2005 waliondoa Microsoft Office na kuweka OpenOffice, programu huria za ofisi, juu ya Windows ileile. Mwaka 2006 wakaleta kivinjari cha Firefox na Thunderbird ya barua pepe. Mwaka 2008, watumishi wakiwa wameshazoea programu hizo, ndipo wakaanza kuiondoa Windows iliyo chini yake na kuweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, badala ya kuhamia Vista, toleo jipya la Windows la wakati huo. Afisa wao mmoja alieleza kwamba tofauti kubwa mbili walizoziona ni alama za kwenye skrini na michezo, na michezo si kipaumbele chao. Bado wako huko hadi leo. Jimbo la Schleswig-Holstein kaskazini mwa Ujerumani, lililoamua mwaka 2024 kuhamisha kompyuta 30,000, limefuata mpangilio huohuo: ofisi kwanza, barua pepe baadaye, mfumo endeshi mwishoni. Ni kweli pia kwamba jeshi lina amri, na diwani hana. Lakini mpangilio wa hatua hauhitaji amri.

Kwetu mambo yako kwenye seva

Anayetafuta mafanikio ya programu huria serikalini Afrika Mashariki kwa kuhesabu makarani wanaotumia Linux atarudi mikono mitupu. Aende kwenye zahanati.

Mwaka 2004, Eldoret. Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Moi, wakishirikiana na wenzao wa Indiana, Marekani, walikuwa wanahudumia wagonjwa wa VVU walioongezeka kila mwezi, na mfumo mdogo wa kumbukumbu uliojengwa kwa Microsoft Access ulikuwa umezidiwa. Hapo ndipo ulipozaliwa OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa. Ulianza kazi Eldoret Februari 2006, na mwaka huohuo ukafungwa Rwinkwavu, Rwanda. KenyaEMR, unaotumika katika vituo vingi vya Kenya vinavyohudumia wagonjwa wa VVU, umejengwa juu yake.

Ndugu yake ni DHIS2, mfumo huria wa kukusanya takwimu za afya, na huyu ana safari ndefu zaidi. Mizizi yake iko Cape Town, Afrika Kusini, baada ya 1994, wakati serikali mpya ilipotaka kujua hali ya afya katika maeneo ambayo ubaguzi wa rangi ulikuwa umeyahesabu ovyo au haukuyahesabu kabisa. Chuo Kikuu cha Oslo kikaushika, kikauandika upya ufanye kazi kupitia kivinjari, na kuutoa kwa leseni huria. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. Badala ya kufunga programu kwenye kila wilaya, ambako umeme hukatika na kompyuta hupata virusi, seva moja iliwekwa kwenye wingu na wilaya zikaingia kwa modemu za mtandao wa simu. Tanzania nayo ikafuata: takwimu zinazojazwa kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, katika zahanati hujumlishwa mwisho wa mwezi, hupelekwa halmashauri, na huko huingizwa kwenye DHIS2 ili mkoa na wizara wazione. Zaidi ya nchi 70 zinautumia mfumo huo.

Kwa nini huku ilishika na Munich ikayumba? Kwanza, haikupambana na mazoea ya mtu. Iliikuta karatasi, na mratibu wa MTUHA aliyewahi kujumlisha fomu za vituo arobaini kwa kikokotoo hakuhitaji kushawishiwa. Pili, hakuna malipo kwa kichwa. Mfumo unaotozwa kwa idadi ya watumiaji hukulazimisha uwabane watumiaji. Huu uliruhusu kila kituo kipewe akaunti bila kuomba kibali cha matumizi. Tatu, na hili ndilo zito, palikuwa na watu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kundi la wataalamu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiutunza mfumo, wakiandika nyongeza na kuwafundisha maafisa wa wizara. Kuna makundi kama hayo Uganda, Rwanda, Msumbiji na kwingineko, na mafunzo ya pamoja ya kanda. Mtu wa Lilongwe akikwama, yuko wa Dar es Salaam aliyekwama hapohapo mwaka jana.

Faida ya mtandao huo wa watu ilionekana mapema mwaka 2020. Sri Lanka ilijenga juu ya DHIS2 utaratibu wa kufuatilia wasafiri walioingia nchini wakati korona ikianza kusambaa, na kazi hiyo ikachukuliwa na nchi nyingine bila zabuni wala mazungumzo ya leseni.

Sasa upande wa pili, usiosemwa sana kwenye warsha. Msimbo wa DHIS2 ni wa wote, lakini mishahara ya wanaouandika hulipwa kwa kiasi kikubwa na Norway, mifuko ya kimataifa ya afya na wafadhili wengine, na wataalamu wa ndani nao mara nyingi wamelipwa kupitia miradi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa iliyotegemea fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ilijikuta katika hali ya ajabu: programu ni halali, haina deni, hakuna anayeweza kuizima, na hakuna aliye kwenye bajeti ya kuihudumia. Leseni huria hukupa haki ya kuendelea. Mshahara wa mtu wa kuiendeleza utautafuta mwenyewe.

Haki ya kubadili nayo ina mtego. Wizara inaweza kuuchukua msimbo, kuukata na kuushona upya kwa kanuni zake. Mwaka wa kwanza kila mtu anafurahi. Mwaka wa pili toleo jipya linatoka Oslo likiwa na masahihisho ya usalama, na haliwezi kuingia kwa sababu mfumo wa wizara umeshakuwa kitu kingine. Wataalamu huita hali hiyo kujitenga tawi, na walio makini huiepuka: huandika nyongeza zinazokaa juu ya mfumo bila kugusa kiini, na marekebisho ya kiini huyarudisha kwa waandishi wakuu ili yaingie kwenye toleo la wote. Mwaka 2004 idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden, ilitoa OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini kila toleo jipya huja na menyu mpya, na bila mtu wa kudumu tafsiri hubaki nyuma ya programu mpaka inakuwa kumbukumbu tu.

Zabuni

Sera zinaandikwa kwa lugha nzuri. Afrika Kusini baraza la mawaziri lilipitisha sera ya programu huria Februari 2007, na baada ya hapo ofisi nyingi za serikali ziliendelea kununua walichokuwa wakinunua. Sababu ni kwamba uamuzi wa kweli haufanyiki kwenye sera; hufanyika kwenye nyaraka za zabuni, na nyaraka hizo ziliandikwa kwa kununua bidhaa.

Tazama sharti moja la kawaida: mzabuni alete barua ya idhini kutoka kwa mtengenezaji. Kwa printa sharti hilo lina maana, hukukinga na muuza vya magendo. Lakini kanzidata ya PostgreSQL, ambayo ni miongoni mwa imara kuliko zote, haimilikiwi na kampuni yoyote. Nani ataiandika barua? Kijana mwenye kampuni ndogo anayeifahamu PostgreSQL nje ndani anaenguliwa hatua ya kwanza, na anashinda wakala mwenye barua. Au nyaraka zinataja bidhaa kwa jina lake la biashara. Sheria ya ununuzi wa umma ya Kenya ya mwaka 2015 inakataza hilo isipokuwa pasipo na njia nyingine ya kuieleza bidhaa, na hapo maneno "au inayolingana nayo" yawekwe. Maneno hayo huwekwa, kweli. Kisha vigezo vinavyofuata vinaeleza bidhaa ileile mpaka rangi yake.

India ilijaribu dawa tofauti mwaka 2015. Sera yake haikuwalazimisha watu kuchagua programu huria. Iliwataka wazabuni waizingatie pia, na anayeiacha aeleze kwa maandishi ni kwa nini. Kidogo, lakini mzigo wa maelezo umehamia upande wa pili. Italia nayo sheria yake ya utawala wa kidijiti inazitaka taasisi zilinganishe kwanza: je, kuna programu ambayo taasisi nyingine ya umma imeshaijenga? Je, kuna ya huria? Kununua leseni ya kampuni huja pale ambapo ulinganisho umeonyesha kwamba hizo hazifai.

Kuna kigingi kingine cha kihasibu ambacho Afisa TEHAMA yeyote wa halmashauri atakisimulia. Leseni ina ankara na risiti, inaingia kwenye daftari la mali, mkaguzi anaiona. Kazi ya mtu aliyekaa wiki tatu akiifunga na kuilinda programu isiyo na ankara haionekani popote. Mwisho wa mwaka wa fedha ni rahisi kutetea milioni mia za leseni kuliko milioni ishirini za kumpeleka mtu mafunzoni, hasa mtu ambaye mwaka ujao huenda akachukuliwa na benki au kampuni ya simu. Ndiyo maana mkataba wa matengenezo na kampuni ya ndani mara nyingi ni salama zaidi kuliko kumtegemea shujaa mmoja ofisini. Tofauti na leseni iliyofungwa ni kwamba kampuni hiyo ikileta jeuri unaweza kuipa kazi nyingine, maana msimbo hauko mikononi mwake peke yake.

Wenye fedha wakisema haya ni ya nadharia, wakumbushwe Oktoba 2019. Adobe, kampuni inayotengeneza Photoshop, ilitangaza kwamba itafunga akaunti zote za wateja wa Venezuela kwa sababu ya amri ya rais wa Marekani. Baadaye ilipata kibali na ikaghairi, lakini kwa wiki kadhaa watu waliokuwa wamelipia walijikuta hawana uhakika kama wataweza kufungua kazi zao. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Uwazi na usalama

Hoja ya kwamba macho mengi huona makosa mengi ina ukweli, mradi macho hayo yapo. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye seva yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayobebwa na karibu kila Linux. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani ya mtunzaji wa mradi huo, ambaye alikuwa akiubeba karibu peke yake na bila malipo, mpaka akakabidhiwa mamlaka. Msimbo ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Kwa bahati kulikuwa na mtu mmoja anayechukia kucheleweshwa. Freund, kwa taarifa tu, ni mwajiriwa wa Microsoft.

Programu zilizofungwa hazina afadhali ya asili: Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, viwanja vya ndege vikakwama. Linalofaa kuulizwa kwa mfumo wowote ni nani analeta masahihisho, kwa muda gani, na ofisini kwako nani anayaweka. Kosa lililogunduliwa Desemba 2021 ndani ya Log4j, programu ndogo huria ya kuandika kumbukumbu za matukio, na kuzitikisa seva duniani kote, lilirekebishwa na waandishi wake kwa siku chache. Walioumia baadaye ni wale ambao hawakujua kama Log4j imo ndani ya mifumo yao.

Huria ya leo si lazima ibaki huria kesho, na hili watu wengi wa TEHAMA walijifunza Desemba 2020. Ofisi nyingi zilikuwa zinaendesha seva zao kwa CentOS, nakala isiyolipiwa ya Linux ya kampuni ya Red Hat, zikitarajia CentOS 8 ihudumiwe hadi 2029. Red Hat ikatangaza kwamba itakoma mwisho wa 2021. Kampuni ya HashiCorp ilibadili leseni ya Terraform, programu ya kuandaa na kusimamia seva, mwaka 2023, na Redis, kanzidata ya kasi, ikafanya hivyo 2024. Katika kila tukio jamii ya watumiaji iliweza kuchukua msimbo wa zamani na kuendelea: kukazaliwa Rocky Linux na AlmaLinux, OpenTofu, Valkey. Watumiaji wa programu iliyofungwa wasingekuwa na mlango huo. Hata hivyo, kuhama ni kazi, na mradi unaoshikwa na kampuni moja pekee una hatari ambayo mradi wenye washirika wengi hauna. Kabla ya kuichagua programu, angalia nani wanaandika humo na nani anawalipa. Inachukua nusu saa.

Kitu cha mwisho ni mifumo ambayo serikali zetu zinajijengea. X-Road, njia ambayo taasisi za Estonia zimekuwa zikibadilishana taarifa tangu 2001, ulikuwa mfumo wa ndani kwa miaka mingi mpaka msimbo wake ulipotolewa mwaka 2016. Leo unatunzwa na taasisi ya pamoja ya Estonia, Finland na Iceland, na gharama inagawanywa. Uswisi imekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2024 sheria inazitaka taasisi za serikali kuu kutoa msimbo wa programu zinazojitengenezea au kutengenezewa, isipokuwa haki za watu wengine au usalama vikizuia. Halmashauri na kaunti zetu zinalipia mifumo ya kukusanya ushuru wa masoko na vibali vya ujenzi ambayo inafanana kama mapacha, kila moja kivyake. Sioni sababu ya mlipakodi kulipia msimbo uleule mara kumi.

Ila usidanganyike na kifungu cha mkataba kinachosema tu "msimbo utakabidhiwa". Mara nyingi hukabidhiwa kweli, kwenye diski, bila maelezo ya jinsi ya kuujenga, bila orodha ya programu nyingine unazozitegemea, na ukiwa toleo la miezi sita nyuma ya lile linalotumika. Kifungu chenye meno huandikwa hivi: kabla ya malipo ya mwisho, mtumishi wa taasisi ambaye hakushiriki kuuandika atapewa kompyuta tupu, msimbo na maelekezo, na atausimamisha mfumo wote mbele ya kamati ya mapokezi, mkandarasi akiwa amekaa pembeni bila kugusa kibodi. Akishindwa, hati ya mapokezi haisainiwi.